LSD, loki ya umeme ama loki ya hewa: tulivyozitumia kwenye pikapu za kazi hapa Pwani

Mtu akija kununua pikapu ya fowili hapa Mombasa utamskia anauliza injini, anauliza kilomita, anainama kuangalia kutu kwenye chesisi, na yote hayo sawa kabisa, lakini difu ya nyuma haulizi, na hio difu ndo itaamua mwezi wa nne mvua ikishika kama utatoka Ndavaya jioni ama utalala huko na mzigo. Sisi kazi yetu ni kufunga pampu za visima na sola, kwa hio njia zetu ni Kinango, Ganze, Bamba, mara nyengine mpaka Garsen, na tuko na pikapu tatu zenye difu tatu tofauti: D-Max yenye LSD (limited slip, difu inayopunguza tairi moja kuzunguka bure), Hilux yenye loki ya umeme, yani kifaa cha kuzifunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, iliyotoka nayo kiwandani, na Hilux ya zamani ya mwenzangu ambayo alifunga loki ya hewa baadae. Zote nshaziendesha tupu na zikiwa na mzigo, kiangazi na masika. Niseme mapema kwa asiye na muda: kwa pikapu ya kazi ya Pwani mimi nachukua loki ya nyuma unayoifunga na kuifungua mwenyewe kwa swichi, na nataka iwe imetoka kiwandani. LSD nzuri nayo naiheshimu, ila kazi yake ni nyengine.

Tuanze na difu ya kawaida manake bila hapo mengine hayaeleweki. Ukikata kona tairi ya nje inatembea njia ndefu kuliko ya ndani, kwa hio lazima kuwe na kitu kinachoziwacha zizunguke kwa spidi tofauti, hicho ndo difu, na kwa lami hakuna kizuri zaidi. Shida ni kwamba inagawa nguvu sawa kwa sawa kushoto na kulia siku zote, na kipimo kinawekwa na ile tairi inayoshika kidogo zaidi. Tairi moja ikiwa kwenye tope na nyengine kwenye udongo mkavu, ile ya mkavu inapata kidogo kile kile cha mwenzake, na moja ikiwa hewani haigusi chochote basi ya chini inapata sufuri. Ukiweka fowili unaongeza difu ya mbele ambayo tabia yake ni hio hio, ndo unaiona gari imeandikwa 4x4 ubavuni imekaa kwenye mtaro kimshazari, tairi moja ya mbele inazunguka na moja ya nyuma ya upande wa pili inazunguka, na gari haiendi popote. Pikapu inaumia zaidi kwa hili kwa sababu nyuma imewekewa springi ngumu za kubeba tani, ukiwa tupu hazikunjuki, tairi inanyanyuka mapema sana.

Sasa LSD. Ile ya D-Max yetu ni ya pleti, yani ndani ya difu kuna pleti nyembamba zimebanana, tairi moja ikitaka kukimbia kuliko mwenzake zile pleti zinasuguana na kuizuia, na nguvu fulani inavuka kwenda upande wa pili. Uzuri wake hakuna swichi, hakuna taa, dereva wa kuajiriwa hana cha kukumbuka wala cha kusahau. Kwenye murramu iliyolowa, kwenye mchanga, kwenye lami yenye mvua, LSD inafanya kazi kimya kimya, unatoka pale bila hata kujua kama kulikuwa na utelezi. Mtu ambaye safari zake ni Mariakani, Kaloleni, Kilifi, barabara mbovu lakini si makorongo, LSD yamtosha na mimi sitamwambia atafute loki.

Nguvu zake zinaishia pale tairi inaponing'inia. Pleti zinaweza kuvusha kiasi fulani tu, na gari ikiwa imepakia pampu, mabomba na jenereta, hicho kiasi hakitoshi kuipandisha kwenye ukingo wa mto mkavu. Kuna ujanja ambao nautumia, unakanyaga breki kidogo sana ama unavuta hendibreki kidogo huku unaongeza mafuta, ile tairi inayozunguka bure inapata kizuizi na nguvu inavuka upande wa pili. Inasaidia kweli, lakini si kitu cha kutegemea kila wiki.

Jengine ni kwamba pleti zinaisha. Pikapu iliyotembea sana inaweza kuwa na stika ya LSD kwenye difu na ndani ikawa haina tofauti na difu ya kawaida. Na oili, jamani oili! LSD ya pleti inataka oili ya difu iliyoandikwa LSD, ina dawa yake ya kufanya pleti ziteleze na kushika kwa mpangilio. Gereji moja walituwekea oili ya difu ya kawaida kwa sababu ndo waliyokuwa nayo kwenye pipa, na gari ikaanza kutetema na kugugumia nyuma kila ukikata kona kali, ukiingia tu kwenye maegesho unaskia krrr krrr kama kitu kinavunjika. Tukamwaga, tukaweka inayofaa, tukazunguka kiwanja kushoto na kulia polepole pleti zilowe vizuri, kelele ikaisha. Kwa hio kabla hujauziwa pleti mpya kwa sababu difu inatetema, badilisha oili kwanza.

Kuna LSD ya aina ya pili ambayo haina pleti, ni ya gia, Torsen ndo jina la zamani zaidi, mvumbuzi wake Vernon Gleasman aliibuni 1958, na kwa upande wa magari ya kazi watu wanaagiza Truetrac ya Eaton. Hizi hazina pleti za kuisha na Truetrac yenyewe inataka oili ya kawaida ya madini, haitaki ile dawa ya LSD. Ziko laini sana barabarani. Lakini hesabu yake ni ya kuzidisha, inachukua nguvu inayoshikwa na tairi dhaifu na kuizidisha kwa tairi nzuri, tuseme mara tatu, na tairi ikiwa hewani kabisa basi sufuri mara tatu ni sufuri, unarudi kwenye ujanja wa breki. Kwa mtu anaevuta trela la boti kwenye mchanga na njia za kokoto ningemwambia achukue hii bila wasiwasi.

Loki ya umeme ya Hilux ni habari nyengine. Unabonyeza swichi kwenye dashibodi, taa inamulika, mota ndogo iliyo juu ya difu inasukuma meno yaingie, yakishaingia taa inatulia, na kuanzia hapo tairi mbili za nyuma zinazunguka pamoja kama ziko kwenye chuma kimoja. Haijalishi moja iko hewani, ile iliyo chini inapewa nguvu yote inayoweza kuishika. Mara ya kwanza ukiiona kazi yake kwenye korongo unashangaa, gari iliyokuwa inarusha udongo inapanda kwa mwendo wa mtu anaetembea, bila kelele, bila kuichoma klachi. Hio klachi ndo pesa ambayo watu hawaihesabu. Pikapu isiyo na loki inapita kwa kukimbizwa, unaingia na kasi uombe Mungu, na hapo ndo zinavunjika springi, zinapasuka bampa, na mzigo unarushwa. Pampu ya kisima ikianguka kutoka kwenye pikapu hio ni hasara kubwa kuliko bei ya loki.

Namna ya kuitumia iko hivi: ifunge kabla hujaingia pabaya, gari ikiwa imesimama ama inatambaa, usiifunge tairi ikiwa inazunguka kwa kasi manake unaweza kung'oa meno. Ikikataa kuingia ama kutoka, usilazimishe, tembea polepole huku ukizungusha usukani kushoto kulia kidogo, ama rudi nyuma, itaachia. Kwenye hii Hilux loki ikishika taa ya ABS inawaka, hio si ubovu, ABS na vile vifaa vya kuzuia kuteleza vinapumzika loki ikiwa ndani, kwa hio ukishavuka fungua, usisahau ukafika nayo kwenye lami. Kwenye lami kavu loki iliyofungwa inakwaruza tairi, usukani unataka kwenda mbele tu, na mzigo wote wa kona unaishia kwenye eksili.

Adui wa loki ya umeme hapa kwetu ni chumvi na kukaa bila kutumika. Ile mota iko chini ya gari, inapigwa na maji ya mvua, mchanga wa pwani, unyevu wa bahari, mtu anaishi Nyali ama Mtwapa anaendesha kazini na kurudi, loki anaikumbuka siku ameshakwama, anabonyeza taa inamulika tu haitulii. Mota imeshika kutu ndani ama plagi ya waya imeota ukoko wa kijani. Sisi tunaifunga na kuifungua kila wiki kwenye kipande cha murramu hata kama hatuihitaji, na gari ikitoka ufuoni inaoshwa chini kwa maji baridi siku hio hio. Pia angalieni ule mrija wa kupumulia wa difu. Difu ikiwa moto ukaiingiza ghafla kwenye maji, hewa ya ndani inapoa na kujikunja, inavuta maji kupitia mrija ama oili sili, na oili ikishaonekana nyeupe kama maziwa ujue beringi zinaliwa. Mrija mrefu wa mpira uliopandishwa mpaka karibu na kifuniko cha tangi ya mafuta ni kazi ya dakika chache na unaokoa difu nzima.

Sasa nataka nikae kidogo hapa kwenye matope, kwa sababu watu wengi wanadhani loki ni ya kufunga kila ukiona tope na hivo sivo. Barabara zetu za udongo zina mgongo katikati ili maji yateremke pembeni. Mvua ikinyesha, hasa kule kwa udongo mweusi ukielekea Garsen, ule mgongo unateleza vibaya, na gari inataka kwenda mtaroni yenyewe. Difu ikiwa wazi, tairi moja ya nyuma ikianza kuzunguka ile nyengine bado inabingirika taratibu, na tairi inayobingirika inashika kwa ubavu, ndo inayoizuia nyuma ya gari isiteremke. Ukifunga loki tairi zote mbili zinaanza kuteleza kwa wakati mmoja, hakuna tena kinachoshika ubavuni, na nyuma inaondoka kwenda mtaroni upole tu bila hata kelele. LSD ikiwa kali nayo inaweza kufanya hivo, ila kwa kiasi kidogo. Kwa hio kwenye mgongo wa udongo mimi naweka fowili, loki naiacha wazi, gia ya pili ama ya tatu, mafuta kidogo ya mwendo mmoja, mikono imetulia. Loki naifunga pale ambapo gari imesimama imeshindwa, ama natoka kwenye mfereji moja kwa moja, ama napanda palipochimbika. Hio ndo sababu kubwa ya mimi kutaka swichi, kwamba kuna mahali loki inaokoa na kuna mahali inakutia mtaroni, na ni wewe dereva unaeona barabara.

Mchangani pia upunguze upepo kwanza. Kule Mambrui kwenye mchanga laini tairi ikiteremshwa mpaka kama psi 18 gari inaelea bila loki yoyote. Ukifunga loki kwenye mchanga na tairi zimejaa, kazi yake itakuwa kuchimba mashimo mawili kwa pamoja badala ya moja, na difu ikishakalia mchanga hapo ni koleo tu.

Loki ya hewa ya mwenzangu ni ARB, kampuni ya Australia iliyoanza 1975. Ndani kuna pistoni, kompresa ndogo inasukuma hewa kwa mrija mwembamba mpaka kwenye difu, meno yanaingia papo hapo, ukizima swichi yanatoka papo hapo. Kwa kasi ya kuitikia inaipita ile ya umeme, haina kumulika mulika, unabonyeza unaskia tss na imeshafunga. Na ile kompresa inakuwa faida ya pili, unateremsha upepo ufuoni na kuujaza tena kabla hujarudi lami. Nguvu zake sina shaka nazo hata kidogo.

Lakini kabla hujaagiza jiulize nani ataifunga. Kuifunga loki kamili ya namna hii lazima difu ifunguliwe yote, na kurudisha kwake si kukaza bolti, lazima ipimwe nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni, yani ile gia kubwa ya difu na ile ndogo inayoizungusha. Kwenye difu ya Hilux nafasi hio ni milimita 0.13 mpaka 0.18, yani unahitaji geji ya saa na fundi mwenye subira ya kufungua na kurudia, aweke shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kujaza nafasi), apime tena, apake rangi kwenye meno aone yanavyokutana. Fundi anaekwambia anapima kwa kidole, chukua difu yako uondoke. Ikikazwa vibaya itaanza kulia, kwanza kwa spidi ya juu, halafu kila spidi, na meno yanaliwa. Mwenzangu alitafuta fundi mwenye vifaa na difu iko kimya mpaka leo. Kitu cha kuangalia kwenye loki za hewa kwa jumla ni zile sili za mpira na mrija wenyewe, mrija ukipita karibu na ekzosi unayeyuka, sili ikichoka hewa inavuja ndani ya difu na utaiona oili inasukumwa kwenye mrija wa kupumulia. Fyuzi na waya za kompresa nazo ziwekwe juu mahali pakavu.

Zipo na loki za kujifunga zenyewe, Detroit Locker ama zile ndogo za bei nafuu kama Lokka ambazo unabadilisha gia za ndani tu bila kugusa krauni. Zina nguvu, na kwa shamba ni sawa. Kwa mtu wa Mombasa anaevuka feri Likoni kila siku siwezi kumshauri, ukikata kona kwenye ule mteremko ulolowa zinabamiza tak tak, zinashika na kuachia kwa wakati zinaoutaka zenyewe, na lami ikiwa na mvua nyuma inaweza kusukuma ukiwa katikati ya kona. Kuchomelea difu kwa weldi sizungumzii, gari ya barabarani haifanyiwi hivo.

Kama unanunua mtumba, fanya hivi kujua una difu gani. Zuia tairi za mbele kwa mawe, gia nyutro, fowili imetoka, hendibreki imeachiwa, nyanyua tairi zote mbili za nyuma kwa jeki na uweke stendi, halafu zungusha moja kwa mkono. Nyengine ikienda kinyume ni difu ya kawaida, ama LSD ya pleti iliyokufa. Ikienda upande ule ule na inataka nguvu, LSD bado ina uhai. Loki ya umeme utaiona kwa macho, kuna mota na waya juu ya difu, na swichi ndani yenye picha ya eksili na alama ya eksi. Usiamini swichi peke yake, ifunge ujaribu tena pale kwenye jeki, lazima tairi mbili ziende pamoja.

Na wale wanaotaka kununua difu ya loki ya Toyota kutoka kwa spea za Japani waiweke kwenye Hilux isiyokuwa nayo, ulizeni mambo mawili. La kwanza, ile nyumba ya difu si sawa, difu ya loki haiingii kwenye eksili ya kawaida bila kukata na kuhamisha bolti, kwa hio ni bora uchukue eksili nzima na difu yake. La pili ni hesabu ya meno, yani meno ya krauni ni mara ngapi ya yale ya pinioni. Kama mbele ni 4.1 na nyuma umeleta 4.3, siku ukiweka fowili mbele na nyuma zitavutana na kitu kitavunjika, mara nyingi giaboksi ya fowili. Muuzaji atakwambia zote ni moja, hesabu meno mwenyewe.

Pikapu mpya nyingi siku hizi zina treksheni kontroli, sensa za ABS zinagundua tairi inayoteleza na breki inaishika, nguvu inavuka. Inafanya kazi, mimi nimeiona ikitoa gari tupu kwenye mtaro, ila lazima tairi izunguke kwanza ndo ishtuke, na ukiwa na mzigo mlimani breki zinapata moto. Mchangani inakata nguvu ya injini pale pale unapoihitaji, izime. D-Max ya kizazi kilichotoka 2019 imekuja na loki ya nyuma na hilo kwangu ni sababu tosha ya kuifikiria kuliko ile ya kabla yake, mradi ile uliyoonyeshwa kwenye shorumu kweli imewekewa, manake si kila modeli inapewa.

Watu wananiuliza loki ya mbele, hasa wakiziona Land Cruiser 79, ambazo zinaunganishwa hapa hapa Miritini, baadhi zikiwa na loki mbele na nyuma. Angalia swichi yake, inaanza kufunga nyuma, ya mbele inafuata, na waliopanga hivo walijua wanachofanya. Loki ya mbele ikiingia usukani unakuwa mzito, gari inakataa kona, na kwenye pikapu zenye springi huru mbele, yani kila tairi inapanda na kushuka peke yake, ukikata usukani mpaka mwisho huku unakanyaga mafuta, zile jointi za CV zinazopeleka nguvu kwenye tairi za mbele ndo zinavunjika. Kwa kazi kama yetu hio pesa naiweka kwenye tairi nzuri za matope na kompresa.